Nilivyomfutia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja Nairobi kumtunza mke wangu, jambo la kwanza tulilokubaliana lilikuwa la leso. Leso ikiwa imeanikwa kwenye chuma cha roshani yetu kule juu, maana yake mama yumo ndani na mimi nisipande. Leso ikiondolewa, mama ameshatoka na nyumba ni yangu tena. Ndivyo nilivyoishi miezi ile hapa mtaa wa Pipeline. Mwanamume mzima, mlipa kodi, mwenye ufunguo wake mfukoni, nasimama chini kwa kinyozi nimeinua shingo, natafuta leso moja ya rangi ya machungwa katikati ya nguo za jengo zima.

"Buda, bendera bado iko juu," kinyozi alikuwa akiniambia, na wateja wake wanacheka. "Tulia tu. Kaa hapo nikupige shevu."

Wacheke. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, na kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Na mama mkwe kulala chini ya paa la mkwewe ndiyo usiseme. Hapa mjini wengi wameyaacha hayo, wanakula na wakwe zao meza moja na kuchekeshana. Mimi sikuyaacha, na mama mkwe ndiyo kabisa. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, nilikuwa sijawahi kuuona uso wake sawasawa. Siku ya kutoa mahari alikaa amejifunika leso, nami niliangalia viatu vyangu mpaka chakula kikaletwa. Ningeambiwa nimtambue sokoni Gikomba kwa sura, ningeshindwa. Kwa kikohozi, ningeweza.

Kwa hiyo usiku alilala kwa mama mmoja wa kanisani kwake, mjane, mwenye chumba katika jengo lililopakana na letu. Huku Pipeline majengo yamekaribiana hivi kwamba jirani akikaanga vitunguu ni wewe unayetoka machozi. Asubuhi mimi nikishatoka kwenda kazini, yeye anavuka kuja. Jioni kabla sijafika, anaanua leso na kurudi kwa mwenzake. Tukapishana hivyo kila siku bila kukutana.

Alikuja kwa sababu mke wangu alikuwa na mimba. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka tukiwa tumeshanunua mpaka beseni ya kuogeshea mtoto, na ile beseni niliigawa kwa jirani kwa sababu mke wangu hakuweza kuitazama. Safari hii daktari alimwambia alale, asiinue hata sufuria. Kisha akanigeukia mimi: "Na habari za kumshtua zisimfikie. Mnanielewa?" Nilielewa. Nilirudi nyumbani nikaitangaza hiyo kama sheria ya nchi. Nilimwambia mke wangu amwambie mama, mama amwambie mjane, mjane awaambie wageni wa kanisa: katika nyumba hii hakuna kuleta matanga, hakuna kuleta magonjwa, hakuna kuleta kesi za mashamba. Nilijiona mume kweli.

Kompyuta yetu inakaa sebuleni juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma mke wangu. Niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa ofisi moja iliyokuwa ikifungwa mjini. Mimi ni karani wa stoo katika godauni moja Industrial Area, na jioni huwa nachapa hesabu za mali iliyoingia na kutoka. Mchana kompyuta hiyo ilikuwa haina kazi, mpaka mama alipoizoea.

Alikuwa mwalimu wa chekechea kabla ya kustaafu, mtu wa kupenda kujua. Mke wangu alimfundisha akiwa kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi. "Mama, bonyeza pale juu. Sasa andika unachotaka." Mama anaandika kwa kidole kimoja. "Ukitaka cha jana, usijisumbue kukiandika chote. Anza tu herufi mbili, kitakuja chenyewe. Hiyo mashine haisahau." Hayo mke wangu alinisimulia jioni akicheka, na mimi nikacheka naye.

Nikirudi nilimkuta mama katika vitu alivyoviacha. Kiti kilikuwa kimesogezwa karibu sana na meza, kumbe ni mfupi. Makombo ya biskuti yalikuwa kwenye kibodi. Kwenye kioo kulikuwa na mahubiri yaliyosimama katikati, mhubiri amefunua mdomo. Nilijua siku alizosinzia, kwa sababu mahubiri yalikwisha, mashine ikaendelea kujichezea yenyewe, na mimi nikaja kukuta jinsi ya kukaanga samaki au marudio ya mpira. Nilijua alikuwa akitafuta mitindo ya kufuma kofia za watoto wachanga. Nilijua alitafuta majina ya wasichana. Nikaanza kumpenda huyo mama kwa makombo yake, nasema kweli, kuliko nilivyompenda miaka yote ya heshima.

Halafu kukawa na ile jioni ya mvua. Nilifika chini nikiwa nimelowa, leso iko juu imelowa kama mimi. Kinyozi alikuwa ameshafunga. Nilisimama chini ya bati la muuza chipsi, maji ya mtaro yakipanda viatuni, na leso haiondolewi. Kumbe mama alikuwa amesinzia, na mke wangu naye amesinzia. Mama alipoamka na kuondoka, nilipanda ngazi nikitukana kimoyomoyo. Sikumsalimia mke wangu. Nilikaa kwenye kile kiti kilichosogezwa mbele, magoti yakagonga meza, nikaandika kwa hasira: *mama mkwe anapaswa kukaa kwa binti yake kwa muda gani*.

Ala! Kumbe tuko wengi. Nilisoma malalamiko ya wanaume wa kila pembe. Mmoja alitaka kujua kama ni dhambi kumwombea mama mkwe safari njema kabla hajaaga. Nilicheka, nikanywa chai, hasira ikaisha. Nilifunga ule ukurasa nikaendelea na hesabu za godauni. Sikulifikiria tena jambo hilo.

Baada ya siku kadhaa nilikaa hapo kutafuta vyakula vya mama mjamzito. Nikaandika "mama", na kabla sijaendelea mashine ikanishushia swali langu lote, neno kwa neno: mama mkwe anapaswa kukaa kwa binti yake kwa muda gani. Mungu wangu! Mwanamke anayeshinda hapa mchana, anayetafuta mambo ya akina mama na watoto, huanza na neno gani? Si hilo hilo?

Nikaenda mbio mahali ambapo mashine huweka historia ya yote yaliyotafutwa, nifute langu kabla halijamfikia. Nikalipata. Na juu yake, la mchana wa siku hiyo, lilikuwa hili: *mama mzee ana kivimbe kwenye titi*.

Niligeuza uso. Haki ya Mungu, niligeuza uso ukutani kana kwamba mama amesimama pale mbele yangu. Kisha nikachukua kile kitambaa cheupe nikaifunika kompyuta ikiwa bado inawaka, nikakaa kando yake. Mke wangu akauliza kutoka chumbani, "Baba, stima imepotea?" Nikasema haijapotea.

Mtu asiye wa kwetu atanicheka. Lakini jaribu kuelewa. Mimi sijui hata macho ya mama mkwe yana rangi gani, halafu mashine inanionyesha kifua chake. Kwetu, mwanamume akipita mtoni akamkuta mama mkwe anaoga, anageuka papo hapo, anarudi njia aliyojia, na jambo hilo halisemi kwa kiumbe. Siyo uongo huo, ni kumstiri mtu. Ndivyo nilivyofundishwa na baba yangu, na yeye alifundishwa na wake. Basi nami niliinua kitambaa kidogo, upande mmoja tu, nikafuta yote. Nilifuta langu nikafuta lake. Nikaenda kulala nikiona nimefanya jambo la heshima.

Kesho yake nilisema sitaangalia, nikaangalia. *Titi linatoa maji ni ugonjwa gani*. Nikafuta. Siku iliyofuata *kivimbe kisichouma ni kizuri au kibaya*. Nikafuta. Ikawa ndiyo kazi yangu. Leso ikiondolewa napanda, navua viatu, namsalimia mke wangu, kisha naketi na kufuta, kama mtu anayepiga deki kabla mgeni hajaingia. Nilijiambia mke wangu akipata nguvu ya kuja sebuleni, asije akakuta. Nilijiambia mtoto wetu mtarajiwa analindwa. Sijui nilijiambia mangapi.

Usidhani sikuona uzito wake. Niliuona. Usiku nilikuwa macho nikihesabu nani wa kuambiwa. Mke wangu? Sheria ya daktari nilikuwa nimeitangaza mwenyewe. Mama mwenyewe? Kwa mdomo gani? Nimwambie nini, kwamba nimesoma habari za maziwa yake? Kidesturi kungekuwa na shangazi wa kutumwa, lakini mashangazi wako nyumbani, na habari ukimpa shangazi kwa simu asubuhi, jioni imeshamfikia mgonjwa, mjamzito na mchungaji.

Alibaki yule mjane. Jumamosi moja nikajikaza, nikavuka mpaka jengo lao, nikapanda nikipishana na watu wenye mitungi ya maji, nikabisha. Nilikuwa nimehakikisha leso iko juu kwetu, kwa hiyo mama hayuko hapo. Mjane akafungua, mikono ina unga.

"Karibu baba. Kuna nini, ni mtoto?"

"Hapana, hapana. Kwema." Nikakohoa. "Nilitaka kuuliza, mama anakula vizuri?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala. Kwani?"

"Sasa hivi, mwili wake..." Hapo ulimi ukakwama. Neno "mwili" lenyewe lilinitoa jasho. Nikatazama unga ulio mikononi mwake.

Mjane akanikazia macho. "Baba, kama mmechoka naye, sema. Hata yeye mwenyewe ameniambia anaona amekaa sana. Anasema hataki kuwa mzigo. Nikamuuliza nani amekwambia wewe ni mzigo, hakunijibu."

Lo! Nilitamani ngazi zifunguke nitumbukie. Kumbe alikuwa amelisoma lile swali langu la mvua. Alikuwa amelisoma, akajikunja, akaendelea kuja kila asubuhi kumwogesha binti yake na kunipikia mimi mboga ninayokuta imefunikwa. Nikamwambia mjane sijachoka, nani amesema nimechoka, mama akae hata mwaka. Nikashuka mbio. Nikanunua sukuma wiki nisiyoihitaji ili nisirudi mikono mitupu, na nyumbani nikakuta sukuma wiki tayari iko jikoni.

Kuanzia siku hiyo aibu ikawa mbili. Ya kwanza kwamba nimemwona. Ya pili kwamba naye ameniona. Na ile ya pili ndiyo iliyonifunga mdomo kabisa. Ningetuma mtu gani na kwa uso gani, mimi niliyeuliza ataondoka lini?

Asubuhi moja nilikaribia kufanya la maana. Nilifungua ukurasa unaoeleza mahali akina mama wanapopimwa vivimbe, kwa Kiswahili kizuri, na njia ya kufika. Nikauacha wazi. Nikafunga mlango, nikashuka ghorofa mbili. Kisha nikafikiria: akiukuta atajua najua. Atajua nimesoma yote. Atanitazamaje? Hanitazami, lakini hata kutonitazama atanitazamaje? Nikarudi juu nikihema, nikaufunga. Mke wangu akauliza nimesahau nini, nikasema kitambulisho.

Maneno ya mama nayo yakabadilika. Yalianza kuwa marefu, yamenyooka, na ya kusikitisha. Jioni moja nikakuta: *Habari. Nina uvimbe kwenye titi la kushoto na sijamwambia mtu yeyote*. Ile "habari" ilinichekesha kwanza. Nikasema wazee bwana, hawajui kuwa mashine haihitaji salamu, wanaandika kama wanaongea na mtu mlangoni. Kisha kicheko kikanikauka. Nikafuta.

Siku nyingine: *Binti yangu ana mimba na ya kwanza ilitoka, sitaki kumshtua, naomba ushauri nani anaweza kunisaidia*. Nikafuta.

Na siku nyingine, ambayo siwezi kuisahau, kwa sababu nje watoto walikuwa wakicheza kwenye ngazi na mke wangu akiimba chumbani, nikakuta: *Je, mkwe anaruhusiwa kumpeleka mama mkwe hospitali*.

Nilikaa. Nikayasoma maneno hayo mara nyingi kuliko inavyofaa. Nilidhani anauliza dunia. Nilidhani ni mwalimu mzee wa chekechea anayetaka kujua mila inasemaje, na kwamba wataalamu walioko huko ndani watamjibu. Nikainamia kioo, nikasema kwa sauti ya chini mke wangu asisikie, "Anaruhusiwa, mama. Anaruhusiwa kabisa." Niliyasema kwa kiti kitupu na makombo ya biskuti. Halafu nikafuta.

Baada ya hapo hakuandika tena. Kukawa na mahubiri tu, na kofia za watoto. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikamshukuru Mungu. Nikasema labda kimepona. Labda ameambiana na mjane wakaenda mahali. Niliamini hivyo kwa sababu kuamini hivyo kulikuwa rahisi kuliko kubisha mlango tena.

Mtoto akazaliwa salama, msichana, mzito, mwenye kelele. Siku tuliyomleta nyumbani nilisimama chini kwa kinyozi, leso iko juu, na kutoka kule juu nikasikia vigelegele vya mama mkwe vikishuka ghorofa zote. Kinyozi alizima mashine yake kusikiliza. "Buda, hiyo ni sauti ya nani?" Nikasema ni ya mama. Nilijivuna, kana kwamba mimi ndiye niliyepiga.

Haukupita muda. Jioni moja niko palepale chini, mjane akatoka jengo lao akinijia, ameshika blauzi mkononi, ameikunja. Hakunisalimia.

"Mama mkwe wako anaoza, na wewe umesimama hapa unangoja leso?"

Alikuwa amemfulia nguo ili mama apate nafasi ya kumbeba mtoto, akakuta blauzi ina damu na usaha upande mmoja. Akamwuliza, mama akalia, akamfungulia kifua. Sasa mjane alinishika mkono mbele ya kinyozi na wateja wake, akanivuta ngazini na leso ikiwa bado iko juu. Nilipoingia, mama alijifunika akageukia dirisha. Mke wangu alikuwa amekaa na mtoto kifuani, analia.

"Tangu lini?" alikuwa akiuliza. "Mama, tangu lini? Nani alijua?" Akanigeukia mimi. "Baba, wewe ulijua?"

"Ningejuaje?" nikasema.

Nilisema hivyo. Mama yuko hapo dirishani, hatua chache, amenipa mgongo, na alisikia.

Hospitalini walimfanyia upasuaji, wakalitoa lile titi lote. Daktari aliyezungumza nasi alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alisema ugonjwa umeshaingia kwapani na matibabu bado ni marefu, hawezi kuahidi kitu. "Hiki angekileta kikiwa kidogo," alisema, akakata hapohapo alipouona uso wa mke wangu. Mimi nilikuwa nimeangalia viatu vyangu.

Siku iliyofuata tulipeleka uji wa wimbi. Watoto wachanga hawaruhusiwi kuingia wodini, kwa hiyo mke wangu alibaki kwenye benchi la nje akinyonyesha, mjane alikuwa kazini, na aliyebaki wa kubeba kikombe alikuwa ni mimi. Niliingia nikiangalia sakafu. Nikakipata kitanda chake kwa kikohozi. Nikaweka uji juu ya kabati, nimempa mgongo kama inavyotakiwa.

"Mkwe," akasema.

Hakuwa ameniita kamwe maishani mwake. "Naam, mama."

"Geuka."

"Mama, si vizuri."

"Geuka, baba. Wanafunzi wa udaktari wote wamekuja wakaangalia. Sembuse wewe?"

Nikageuka. Basi ndipo nilipomwona. Ana uso wa mke wangu, umezeeka tu, na ana alama ndogo juu ya nyusi ambayo binti yangu anayo palepale. Bandeji zilikuwa zimemzunguka kifua chote. Nikatafuta mahali pa kuweka macho.

"Ile kompyuta," akasema. "Ni wewe uliyekuwa unafuta?"

Ningeweza kusema hapana. Mke wangu nilimdanganya kwa neno moja tu. Lakini yeye alikuwa ananitazama. "Ni mimi, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia. "Lako la kuniuliza nitakaa muda gani nililiona. Usijitetee, hata mimi ningechoka. Lakini nikasema, kumbe! Huyu akiandika jioni, mimi nasoma mchana. Basi nikiandika mchana, yeye atasoma jioni. Kwa mdomo haturuhusiwi, lakini hapa hakuna aliyetukataza. Ndiyo nikaanza kukuandikia."

"Kuniandikia mimi?"

"Kwani nani mwingine? Binti yangu alikuwa kitandani. Unadhani nilikuwa namwandikia Mzungu aliye ndani ya mashine?"

Nikashika chuma cha kitanda.

"Asubuhi nikifika, nakuta pameoshwa," akaendelea. "Hapajifuti penyewe. Nikajua amesoma. Nikangoja utume mtu. Siku ile ulipokwenda kwa mwenzangu, aliponiambia, nilifurahi, nikasema amekuja kusema. Akaniambia umeuliza kama ninakula. Nikaona labda siandiki vizuri. Nikaandika tena, nikaweka na salamu, nikakuuliza waziwazi kama unaruhusiwa. Ukafuta na hilo."

"Nilikuwa nakustiri, mama." Sauti yangu ilitoka ya mtoto. "Haki ya Mungu, nilidhani nakustiri."

"Najua. Ndiyo maana sijakuchukia." Akapumua, pumzi ikamuuma. "Lakini nilikuwa naogopa, baba. Na wewe ulijua naogopa, ukaniacha niogope peke yangu."

Alinyoosha mkono kuchukua uji, na kwa vile walivyomshona mkono haukufika. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikamnywesha kwa kijiko mpaka kikombe kikaisha. Alinitazama muda wote huo. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.